Barua elfu nne, na moja tu ya kazi



Kabla ya kuendelea kusoma, chukua telefone yako kama iko karibu. Fungua imeli yako. Angalia ile namba ndogo inayoonyesha barua ambazo hujasoma. Ni ngapi? Kumi? Mia mbili? Elfu tatu? Usione haya, hauko peke yako. Ukiuliza vijana wetu wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kambove, wengi wanajibu mamoja: "Pastere, barua iko mingi sana, nilichoka kufungua." Kisha wanacheka, wanarudia WhatsApp.

Lakini jambo hili si la kucheka. Katika miji yetu ya mine, imeli imekuwa mlango wa nyumba. Kampuni wanaita watu ku testi ya kazi kwa njia ya imeli. Univerisite inatuma habari za kujiandikisha kwa njia hiyo. Benki inatuma karatasi zake, na ndugu aliye mbali anatuma kopi ya hati ya kuzaliwa. Basi, kama mlango wako unagongwa mara mia kwa siku na watu wa kuuza viatu, utajuaje siku mgeni wa kweli anapogonga?

Leo tuzungumze namna ya kutengeneza sanduku hilo lililojaa. Tutatumia farde na vichungi. Tutaona pia namna Neno la Mungu linavyotusaidia katika kazi hii, hata ikionekana kuwa kazi ya mashine tu.

JINA LILIITWA, HAKUSIKIA

Kijana mmoja wa paruasi yetu alimaliza masomo ya electromécanique. Aliandika maombi ya kazi kwa kampuni mingi. Akangoja. Miezi ikapita. Kila asubuhi alifungua WhatsApp na Facebook, lakini imeli hapana, juu ilijaa matangazo ya nguo, habari za mpira, michezo ya bahati, na zile barua za kusema fulani ameweka picha mpya.

Siku moja akakutana na rafiki waliyesoma naye. Yule akamwuliza: "We, juu ya nini haukukuya ku testi?"

"Testi gani?"

Wakakaa chini wote wawili, wakafungua sanduku, wakatafuta jina la kampuni. Barua ilikuwa pale. Ilifika siku kumi na moja mbele ya hapo: uje Jumatano saa mbili asubuhi, leta diploma na kitambulisho. Jumatano ile ilikuwa imekwisha kupita. Barua ilikaa katikati ya tangazo la viatu na salamu ya mtu asiyemjua.

Ndugu zangu, sisi watu wa Katanga tunapenda kusema: kama hauna mtu ndani, hupati kazi. Mara nyingi ni kweli, na inauma. Lakini siku ile hakuna mtu aliyemfungia kijana huyu njia. Mlango ulifunguliwa, jina lake likaitwa, naye hakusikia sababu ya kelele.

KELELE ILITOKA WAPI?

Imeli si kitu cha jana. Mwaka 1971 enjeniere mmoja wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma barua ya kwanza kutoka ordinatere moja mpaka ordinatere nyingine kwa njia ya mtandao. Ni yeye aliyechagua alama ile @ tunayoandika mpaka leo katikati ya jina na anwani. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1978, mtu wa biashara aliyeitwa Gary Thuerk alituma tangazo moja la ordinatere za kampuni yake kwa watu karibu 400, wote kwa mara moja. Wengi walikasirika. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Barua ya karatasi inaomba bahasha na tembere, kwa hivi anayeandika anafikiri kwanza. Kwa imeli, anayeandikia mtu mmoja na anayeandikia watu elfu mia wanalipa karibu mamoja. Mzigo unamwangukia anayepokea: mega zako, macho yako, wakati wako.

Wazee wetu wanakumbuka sanduku la posta, ile B.P. iliyoandikwa juu ya kila karatasi ya kanisa na ya kampuni. Mtu wa posta alichagua barua moja moja, akatia kila moja katika sanduku lake. Posta ilipolala katika miaka ya 1990, barua zilisafiri mkononi mwa ndugu aliyepanda treni au kamyo. Zilikuwa chache, na kila moja ilisomwa mara tatu, hata mbele ya majirani. Leo mtu wa posta hayupo tena katikati. Kazi ya kuchagua imekuangukia wewe, na hakuna aliyekufundisha.

YETRO NA MAKAPITA

Fungua Biblia yako, kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Musa alikaa kuhukumu watu tangu asubuhi mpaka jioni. Aliyegombana na jirani juu ya mbuzi alikuja kwa Musa. Aliye na neno zito la taifa zima alikuja pia kwa Musa. Wote katika mstari mmoja. Yetro, baba ya muke wake, kuhani wa Midiani, alipofika kumtembelea aliona jambo lile, na halikumpendeza. Alimwonya kwamba atachoka yeye, na watu watachoka pamoja naye.

Angalia vizuri shauri la Yetro. Hakumwambia Musa aamke mapema zaidi. Hakumwambia awafukuze watu. Alimwambia aweke wakubwa juu ya watu elfu, juu ya mia, juu ya hamsini na juu ya kumi. Neno dogo lingemalizika kwao, neno zito lingefika kwa Musa. Sisi watu wa mine tungesema hivi: Yetro alimfundisha Musa kuweka makapita.

Sanduku lako la imeli linaomba kitu kile kile. Tuko na kazi tatu: kupunguza wanaogonga, kutengeneza farde, na kuweka kapita. Nitatumia mfano wa Gmail, sababu wengi wenu muko nayo katika telefone. Wenye Yahoo au Outlook watakuta mambo karibu sawa, hata kama maneno si yale yale.

KAZI YA KWANZA: PUNGUZA WANAOGONGA

Usianze kwa kusoma barua elfu nne moja kwa moja. Hutamaliza, na hakuna faida. Tangazo la bei ya mwaka uliopita limekufa. Liache lizikwe.

Anza na wale wanaokuandikia kila siku. Fungua tangazo moja la nyumba ya biashara unayoijua. Juu karibu na jina la mtumaji, ama chini kabisa, utaona neno "Se désabonner". Gusa pale, hawatakuandikia tena. Tangu mwaka 2024, Google na Yahoo wanalazimisha wale wanaotuma barua mingi sana waweke njia nyepesi ya kujitoa. Watumaji kumi ukiwatoa hivi, utaona tofauti mbele ya juma kuisha. Kwa Facebook na wenzake, ingia katika matengenezo yao, uzime zile habari wanazotuma ku imeli.

Lakini sikia hili: ujitoe hivyo kwa nyumba unazozijua tu. Barua ya mtu usiyemjua, yenye harufu ya udanganyifu, usiguse kitu ndani yake, hata neno lile la kujitoa. Itie alama ya "Spam", basi.

Kisha safisha zile za zamani. Katika mstari wa kutafuta, andika older_than:1y, utaona barua zote zilizopita mwaka mmoja. Andika larger:10M, utaona zile nzito kupita mega kumi, zenye picha na video. Andika from: na jina la mtumaji, utaona zake zote pamoja, na utaweza kuzichagua zote na kuzitupa. Kile unachotupa kinakaa ku "Corbeille" siku 30, kisha kinafutwa kabisa. Kwa hivi ukikosea, uko na mwezi mmoja wa kurudia.

Juu ya nini kuhangaikia zile nzito? Google inatoa giga 15 za bure, na giga hizo zinagawanywa: imeli, Drive, na picha za Google Photos, zote ndani ya gunia moja. Gunia likijaa, barua mpya haziingii tena. Zinarudishwa kwa aliyezituma. Kijana anayengoja kuitwa kazini, na sanduku lake limejaa, ni kama mtu anayengoja mgeni na mlango ameufunga kwa kufuli.

Barua zingine hutaki kuzitupa, lakini hutaki pia kuziona kila siku. Kwa hizo kuna neno "Archiver". Wengi wanaliogopa, wanafikiri barua itapotea. Hapana. Kuarchiva ni kutoa karatasi juu ya meza na kuitia katika kabati. Ukiitafuta kwa jina utaikuta, na zote zinaonekana pale penye "Tous les messages".

KAZI YA PILI: FARDE CHACHE

Sasa meza imepungua mzigo. Tutengeneze farde.

Katika Gmail farde inaitwa "Libellé", maana yake etiketi. Tofauti yake ni hii: karatasi inakaa katika farde moja tu, lakini barua moja ya Gmail inaweza kubeba etiketi mbili. Barua ya univerisite inayodai makuta ya masomo inaweza kuwa MASOMO na MAKUTA pamoja.

Ngapi zinatosha? Kwa jamaa au kijana, tano:

KAZI: maombi uliyotuma, majibu, mialiko ya testi, mikataba.
MASOMO: shule, univerisite, diploma, matokeo.
MAKUTA: benki, fakture, risiti, kila karatasi yenye hesabu.
JAMAA: ndugu, hati za kuzaliwa na za ndoa, habari za hospitali.
KANISA: mikutano, vijana, kwaya, kamati.

Kuna watu wanaotengeneza farde thelathini siku ya kwanza, na furaha mingi. Juma la pili hawajui tena barua iliwekwa wapi. Mama mwenye bokali thelathini jikoni pasipo majina, siku ya wageni anatia sukari ndani ya mboga. Farde tano unazozijua zinapita thelathini unazozisahau.

Na kitu gani kibaki katika "Boîte de réception" yenyewe? Zibaki tu barua zinazongoja mkono wako: ya kujibu, ya kulipa, ya kwenda mahali. Umejibu? Tia etiketi, archiva. Boîte de réception ni meza ya kazi, na juu ya meza hatuweki vitu vya mwaka jana.

KAZI YA TATU: WEKA KAPITA

Mpaka hapa mikono yako ndiyo inafanya kazi. Sasa tuweke kapita, yaani kichungi. Kichungi ni amri unayoiandika mara moja, nayo inatumika kwa kila barua inayoingia, usiku na mchana.

Programu ya Gmail iliyo katika telefone haikupi nafasi ya kutengeneza kichungi. Nenda kwa ordinatere, kwa rafiki ama siberi. Ama fungua Gmail ndani ya Chrome ya telefone, ukichagua kuona ukurasa kama wa ordinatere. Siberini usisahau kutoka kabisa katika sanduku lako unapomaliza. Kichungi kikiisha kutengenezwa, kitafanya kazi hata telefone yako ikiwa imezimika, sababu kazi inafanyika kule kwa mashine za Google, haifanyiki mkononi mwako.

Fuata hivi:

1. Mwisho wa mstari wa kutafuta kuna alama ndogo ya kuchagua. Gusa pale, karatasi ndogo itafunguka.
2. Pale penye "De", andika anwani ya mtumaji. Kwa kampuni unayoiomba kazi, andika ile sehemu inayofuata @ tu. Kwa hivi, akikuandikia sekretere ama mkubwa wa watumishi, kapita atawajua wote.
3. Gusa "Créer un filtre".
4. Sasa toa amri: tia etiketi KAZI, weka nyota, na barua hii isitupwe hata siku moja ndani ya Spam.
5. Kubali tena kwamba amri itumike kwa barua zilizokwisha kufika. Kisha hakikisha.

Kapita wa pili ni wa maneno. Pale penye kuandika maneno ya kutafuta, andika convocation OR entretien OR recrutement. Neno OR, kwa herufi kubwa, maana yake ni "ama". Barua yenye moja la maneno hayo ipate etiketi KAZI, na ibaki mbele ya macho yako. Kama kijana wetu wa electromécanique angekuwa na kapita huyu mmoja, Jumatano ile angekuwa ameketi ku testi.

Kapita wa tatu ni wa matangazo unayotaka bado kuyapokea, kama ya duka ama ya gazeti. Amri yake: yasipite ku Boîte de réception, yaende moja kwa moja katika farde MATANGAZO, ambayo umeiongeza kwa kazi hiyo. Utayasoma siku ukiwa na nafasi.

Lakini nakuonya, usimpe kapita mamlaka ya kutupa. Mtu mmoja alichoka na neno "offre", sababu kila tangazo liko na neno hilo. Akaweka amri: kila barua yenye "offre" itupwe. Fikiri sasa: offre d'emploi itaenda wapi? Itakufa pamoja na ofa za viatu! Kapita huyu hana akili ya mtu. Anasoma neno ulilompa, anafanya, hafikiri. Yetro alimwomba Musa achague watu wenye kuweza kazi, wenye kumwogopa Mungu na kuchukia rushwa. Mashine haimwogopi Mungu wala haichukii rushwa. Kwa hivi mpe kazi ya kupanga, na neno la kutupa libaki kwako.

USISAHAU REJETS

Watu wa Kolwezi wanajua Kingamyambo. Kwa miaka mingi matope yaliyobaki ya konsantratere yalitupwa kule. Tuliyaita rejets, maana yake takataka. Leo watu wamerudia takataka zile: tangu mwaka 2018 kiwanda kinaziosha tena na kutoa ndani yake shaba na kobalti. Mali ilikuwa imetupwa pamoja na udongo, sababu vyombo vya zamani havikuweza kuiona yote.

Spam ni rejets za imeli. Google inachagua kwa mashine, na mashine inakosea. Barua ya kampuni ndogo, ya shule, ya ndugu anayekuandikia kwa mara ya kwanza, inaweza kuangukia kule. Na kule inafutwa baada ya siku 30. Kwa hivi pitia Spam mara mbili kwa juma. Dakika tatu zinatosha: soma majina tu, usifungue ovyo. Ukikuta barua nzuri, gusa "Non-spam", na mashine itajifunza.

Angalia pia zile sehemu Gmail inazotengeneza yenyewe, kama "Promotions" na "Notifications". Kampuni zingine zinatuma mialiko kwa mashine, na barua zao zinaingia pale pasipo wewe kupata mlio wowote.

BARUA ILIYOVAA VIZURI

Sasa neno zito kwa vijana na wazazi. Kuna barua inayopita kapita wote, sababu imevaa vizuri. Iko na alama ya kampuni, Kifaransa kizuri, na neno "félicitations". Inasema umechukuliwa kazi. Kisha inaomba makuta kidogo: ya dosie, ya visite médicale, ya gari la kukuchukua. Jamaa inakopa, inatuma. Kisha telefone ya yule mtu haipatikani tena.

Barua kama hii kichungi chako kitaitia katika farde KAZI, juu iko na maneno yote uliyoyaandika. Kwa hivi farde KAZI isikufanye usinzie. Pima kwa mambo haya:

Je, uliomba kazi kwao kwa kweli? Asiyepanda havuni.
Anwani inatoka kwa kampuni, ama ni anwani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kufungua? Soma kila herufi inayofuata @.
Wanaomba makuta? Anayetafuta mfanyakazi hamwuzii kazi. Simama hapo hapo.
Wanakuharakisha, "leo mbele ya saa kumi"? Mwivi hapendi ukae chini kufikiri.
Wanaomba neno lako la siri, ama namba iliyofika kwa SMS? Usitoe, hata kwa mtu anayejiita Google.

Ukiwa na mashaka, usijibu barua. Nenda ofisini kwao kwa miguu, ama piga telefone kwa namba uliyoipata mahali pengine, si ile iliyo ndani ya barua. Onyesha pia mtu mzima: baba, mama, mzee wa kanisa. Udanganyifu mwingi unavunjika mtu wa pili anaposoma.

NYUMBANI NA KANISANI

Wazazi, msiseme "mambo ya imeli ni ya watoto". Hati za nyumba, za benki na za hospitali zinafika pale. Jumamosi moja, mtoto akae karibu na mama yake, watengeneze sanduku la mama pamoja. Afundishe kwa heshima, pasipo kumnyang'anya mama telefone mkononi. Hakikisheni tena kwamba namba ya telefone iliyoandikwa ku akaunti ni ile mnayotumia leo. Tunabadilisha SIM, telefone zinaibiwa, na siku ya kusahau neno la siri Google inatuma msaada kwa namba ya zamani, iliyo mfukoni mwa mtu mwingine. Tena sanduku lisiachwe miaka. Tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti ambazo hakuna aliyeingia ndani yake kwa miaka miwili.

Na katika paruasi zetu? Imeli ya kanisa isikae katika akaunti ya mtu mmoja. Sekretere akihama kufuata kazi, ama Bwana akimwita, barua zote zinaondoka naye: za shule, za dispensere, za hesabu. Mfungue anwani ya paruasi yenyewe, na watu wawili wenye kuaminiwa wajue neno la siri. Siku ya kubadilisha kamati, neno la siri libadilishwe, nao wapya wapewe mbele ya mashahidi, kama vile tunavyokabidhi kitabu cha ubatizo na funguo za depo. Etiketi ziwe wazi, ili anayeingia leo akute barua ya mwaka jana pasipo kuuliza mtu.

KWA FAIDA YA NANI?

Mtu atasema: mchungaji, kazi hii ni ya kupanga tu, roho iko wapi ndani yake? Rudia kwa Musa. Alipopata makapita, hakwenda kulala. Alipata nafasi ya kusikia yale maneno mazito ambayo hakuna mwingine angeweza kuyasikia. Hata mitume, katika Matendo sura ya 6, waliweka watu saba juu ya mgawo wa kila siku, sababu wajane wa sehemu moja walikuwa wanasahauliwa. Mpango mzuri uliletwa ili mjane aonekane.

Katika sanduku lako pia wako wanaosahauliwa. Mwanafunzi aliyeko mbali aliandika mara mbili kuomba shauri. Shangazi aliuliza habari ya mgonjwa. Mtu aliomba kuombewa. Barua zao hazina rangi wala punguzo la bei, nazo zimelala chini ya matangazo. Kila barua ya namna ile iko na mtu upande wa pili anayesema: "Alisoma, hakutaka kunijibu." Kumbe hukusoma. Kwa hivi ukimaliza kusafisha, kazi ya kwanza iwe kujibu watu. Hata mistari miwili inatosha.

Katika mfano wa wavu, Matayo sura ya 13, wavuvi walipovuta wavu mpaka pwani, walikaa chini kwanza, ndipo wakachagua samaki. Chagua nawe saa yako ya kukaa chini: nusu saa kila Jumamosi jioni, mbele ya kutengeneza nguo za ibada. Pitia meza, pitia Spam, jibu watu, archiva. Kazi iliyokushinda kwa mwaka mzima haitakushinda kwa nusu saa ya kila juma.

Bwana awape masikio ya kusikia majina yenu yanapoitwa, na moyo wa kujibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Someni pamoja Kutoka 18. Ni maneno gani madogo yanayokula wakati wa baba, wa mama, wa watoto katika nyumba yetu?
2. Kila mmoja ahesabu: ni watumaji gani watano wanaomwandikia zaidi? Ni nani kati yao anayestahili kubaki?
3. Nani katika jamaa anangoja barua ya kazi ama ya masomo? Tumsaidie juma hili kutengeneza kapita wake wa kwanza.
4. Kuna mtu aliyetuandikia na hatujamjibu? Tumwandikie leo.
5. Imeli ya paruasi yetu iko mikononi mwa nani, na nani atajua kuifungua kama yeye hayupo?